Je, Nyutroni Nne Zinaweza Kushikana?

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Sombetini, Arusha



Nimeombwa nizungumzie fizikia ya viini vya atomi, nami nimechagua swali moja tu. Je, kinaweza kuwapo kiini kilichoundwa kwa nyutroni peke yake, bila protoni hata moja? Wanafizikia wamelitafutia jibu kwa zaidi ya miaka 60, kwa mashine na kwa hesabu. Hoja yangu jioni hii ni kwamba katika jambo hili hesabu si kibarua wa maabara. Hesabu ndiyo inayoeleza maabara imeona nini, na mara nyingine ndiyo inayoizuia isiseme zaidi ya ilichokiona.

Nyutroni ilitambuliwa na James Chadwick huko Cambridge mwaka 1932. Haina chaji. Ndani ya kiini imara hukaa bila kuharibika, lakini ikitoka nje peke yake huishi kwa wastani wa karibu dakika 15, kisha hugeuka kuwa protoni, elektroni na antinyutrino. Msidhani ni kitu cha maabara za Ulaya tu. Miale ya anga inapogonga hewa juu ya Mlima Meru hurusha nyutroni, na kadiri unavyopanda ndivyo zinavyozidi. Baadhi humezwa na viini vya naitrojeni, ikazaliwa kaboni-14. Kwa kupima kaboni-14 iliyobaki, wanaakiolojia wamekadiria umri wa makazi ya Engaruka, kule Monduli, wakajua kwamba wakulima wale wa mifereji waliishi pale kuanzia takribani karne ya 15 hadi ya 18. Na hapo Njiro, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina maabara ambazo kazi yake ya kila siku ni kupima mionzi. Kwa hiyo tunamzungumzia jirani.

Sasa tuingie ndani. Protoni moja na nyutroni moja hushikana. Ndiyo dyuteroni, kiini cha hidrojeni nzito. Kuzitenganisha kunataka nishati ya MeV 2.2. MeV ni elektroni-volti milioni moja, kipimo tunachotumia kwa nishati za ndani ya viini. Nyutroni mbili, kwa upande wake, hazishikani. Kwa nini, wakati kani ya kiini inazivuta pia? Sababu ni kanuni ya Pauli. Katika dyuteroni, spini za hao wawili huelekea upande mmoja, na katika hali hiyo mvuto ni mkubwa zaidi. Nyutroni mbili zinafanana kabisa, kwa hiyo katika hali ya chini ya nishati haziruhusiwi kuelekeza spini upande mmoja. Zinalazimika kupingana, na katika hali hiyo mvuto unapungua.

Unapungua kiasi gani? Vijana, toeni vikokotoo, maana hili tunaweza kulifanya hapa hapa. Tuchukulie kani kati ya nyutroni mbili kuwa kisima chenye kuta zilizonyooka: ndani ya umbali R zinavutana kwa kina kilekile, nje ya hapo hakuna kitu. Mlinganyo wa Schrödinger unasema kisima kitashika jozi pale tu kina chake kinapozidi kiwango fulani. Kiwango hicho ni mraba wa pai ugawe kwa 4, uzidishe kwa 41.44, kisha ugawe kwa mraba wa R. Hiyo 41.44 imetokana na namba ya Planck na masi ya nyutroni, na R tunaipima kwa femtomita. Femtomita milioni bilioni ndizo zinazofanya mita moja. Wekeni R kuwa 2.6. Mmepata ngapi? MeV 15.1, barabara.

Sasa tuulize asili imetupatia kina gani. Hakuna anayeweza kutengeneza shabaha ya nyutroni akairushia nyutroni nyingine, kwa hiyo wanafizikia hupima kwa kuzunguka, kwa mfano kwa kuangalia jozi za nyutroni zinazotoka baada ya dyuteroni kumeza chembe iitwayo payoni hasi. Majaribio hayo yanatoa kitu kiitwacho urefu wa mtawanyiko, na thamani yake ni karibu femtomita 19 upande wa hasi. Ukiirudisha namba hiyo kwenye kisima chetu, kina kinatoka MeV 13.6. Kilihitajika 15.1. Nyutroni mbili zimekosa kushikana kwa asilimia 10 tu.

Kaeni na namba hiyo kidogo, kwa sababu ndiyo iliyowanyima watu usingizi. Kama wawili wamekosa kwa kiasi hicho kidogo, je, wanne hawawezi kufaulu? Si wazo la kipuuzi. Tazameni heliamu. Heliamu-4 ni imara. Ukiiongezea nyutroni moja, heliamu-5 inavunjika papo hapo. Ongeza mbili, heliamu-6 inashikana. Tatu, haishikani. Nne, heliamu-8 inashikana tena, na nusu-maisha yake ni milisekunde 119, muda mrefu sana kwa viini vya aina hii. Nyutroni zile za ziada zinasaidiana. Ni haki kabisa kuuliza kama zinaweza kusaidiana bila heliamu katikati.

Tena kuna vitu vikubwa angani vilivyojaa nyutroni. Nyota ya nyutroni ina masi kubwa kuliko ya Jua letu, na kipenyo chake ni kama kilomita 24, takribani umbali wa kutoka hapa hadi Usa River. Lakini nyota ile imeshikwa na kani ya mvutano, ambayo kwa nyutroni nne haina uzito wowote wa kuhesabika. Nyutroni nne zikishikana, zitashikwa na kani ya kiini peke yake. Ndiyo maana jibu lingetufundisha jinsi nyutroni zinavyovutana mahali ambapo hakuna kingine cha kuchanganya mambo, na somo hilo lingeingia moja kwa moja katika hesabu za zile nyota.

Basi tuhesabu nne. Kwa wawili tulitumia kikokotoo kwa sababu kuna umbali mmoja tu wa kufuatilia. Nyutroni nne zina namba 12 za kueleza mahali zilipo. Ukitoa mwendo wa kundi zima zinabaki 9. Tuseme kila moja ya hizo 9 tunaipa vituo 20 tu, ambavyo ni vichache mno. Vituo vyote vinakuwa bilioni 512. Kila nyutroni ina spini ya juu au ya chini, hivyo kuna mipangilio 16 ya spini, na jumla inapita trilioni 8. Hizo ni namba za kuhifadhi tu, bado hatujatatua chochote. Ukienda nyutroni sita, namba zinapita trilioni bilioni. Hakuna kompyuta itakayokuja kutukomboa kwa njia hii. Anayedhani utafiti wa kompyuta ni kuwa na mashine kubwa kuliko ya mwenzako aitazame hesabu hii tena.

Kwa hiyo watu walibuni njia za kukwepa. Ya kwanza ni ya Monte Carlo. Badala ya kuhesabu vituo vyote, kompyuta huchagua kwa nasibu maelfu ya mipangilio ya nyutroni zote nne, kisha inaiacha itembee. Mipangilio yenye nishati ya juu hufifia na ile ya nishati ya chini huzaliana, hadi kinachobaki ni picha ya hali ya chini kabisa. Ugumu wake ni kwamba wimbi la nyutroni lazima libadili alama kila nyutroni mbili zinapobadilishana nafasi. Chanya na hasi zinafutana, kelele inakua, na mhesabuji anapaswa kuwa fundi hasa ili jibu lisizame humo. Njia ya pili hujenga wimbi kwa kujumlisha mawimbi mepesi yanayojulikana, ikiongeza moja baada ya jingine hadi jibu litulie. Ya tatu hutumia milinganyo ya Faddeev na Yakubovsky, ambayo huugawa mwendo wa wanne katika vipande kulingana na nani anakutana na nani kwanza. Hii ya tatu ni ngumu kuliko zote kuandika, na kwa maoni yangu ndiyo ya kuaminika zaidi kwa mifumo isiyoshikana, kwa sababu inashughulikia kwa ukamilifu jinsi chembe zinavyoondoka.

Mwaka 2002 kundi lililoongozwa na Miguel Marqués lilitangaza jambo kutoka GANIL, maabara iliyoko Caen, Ufaransa. Walirusha berili-14, kiini chenye nyutroni nyingi sana, wakakivunja. Katika vipande vyake waliona matukio sita ambayo yangeelezeka vizuri kama nyutroni nne zilitoka zikiwa kitu kimoja. Matukio sita ni machache, na wao wenyewe waliandika kwa tahadhari. Hata hivyo dunia ya fizikia ilishtuka.

Jibu zito lilitoka kwenye kompyuta. Mwaka 2003 Steven Pieper, wa Maabara ya Argonne karibu na Chicago, alichapisha hesabu ambayo naiona kuwa mfano bora wa kazi ya aina hii. Yeye na wenzake walikuwa na maelezo ya kani ya kiini yaliyokwisha kupimwa dhidi ya viini vyepesi vingi, nayo yakatoa nishati zake kwa usahihi mkubwa. Kwa kani hiyo nyutroni nne hazikushikana. Hapo mwingine angefunga daftari. Pieper aliuliza swali la pili: nibadilishe nini ili zishikane? Alipoongeza kani ya wawili, nyutroni mbili nazo zilishikana, jambo ambalo asili inalikataa. Alipoongeza kani ya watatu, au ya wanne kwa pamoja, viini vingine vyenye nyutroni nyingi vilishikana kupita kiasi, mbali na vipimo vya maabara. Kila mlango alioufungua ulibomoa ukuta wa chumba kingine. Hitimisho lake lilikuwa kwamba nyutroni nne zilizoshikana zikithibitishwa, ufahamu wetu wa kani ya kiini itabidi ubadilike kwa kiasi kikubwa.

Angalieni nguvu ya hoja hiyo. Pieper hakusema, "Kompyuta yangu imekataa." Alionyesha gharama. Aliwaonyesha watu wa maabara kwamba dai lao haliwezi kusimama peke yake. Likikubaliwa litadai malipo kutoka kwa heliamu, lithi na wengine wote. Hesabu inapofika kiwango hicho inastahili kusikilizwa na mtu yeyote mwenye mashine.

Lakini kuna hali ya katikati, nayo imeleta ubishi wote uliofuata. Nyutroni nne zaweza zisishikane, na bado zikakaa pamoja kidogo kabla ya kutawanyika. Hali hiyo huitwa resonansi. Kompyuta huipata kwa shida, maana mfumo usioshikana ukiachiwa huru katika hesabu hutawanya nyutroni hadi mbali kabisa na nishati kushuka hadi sifuri. Pieper alizifungia nyutroni nne katika kisima cha kubuni, akawa anakipunguza kina hatua kwa hatua, kisha akakadiria zingekuwa wapi kisima kikiisha. Alipata karibu MeV 2, na akatahadharisha kwamba kama resonansi ipo basi ni pana mno. Waliokuja baada yake wamehoji, kwa haki, kama mstari unaochorwa kutoka kwenye kushikana unaweza kunyooka hivyo hadi upande wa kutoshikana.

Mwaka 2016 mambo yaligongana. Katika maabara ya RIKEN nchini Japani, kundi la Keiichi Kisamori lilirusha heliamu-8 kwenye heliamu-4 na kuona matukio manne yanayoashiria hali ya nyutroni nne kwenye nishati ya MeV 0.83, ingawa makosa ya kipimo yalikuwa makubwa kuliko namba yenyewe. Mwaka huohuo Andrey Shirokov, James Vary na wenzao, kwa njia ya mawimbi mepesi, walipata resonansi kwenye MeV 0.8. Na mwaka huohuo Emiko Hiyama, Rimantas Lazauskas, Jaume Carbonell na Masayasu Kamimura walifika kwingine kabisa: ili resonansi ya namna hiyo itokee, kani ya nyutroni tatu ingepaswa kuwa kubwa kiasi kisichokubalika na kingine chochote tunachokijua. Mwaka 2017 Kévin Fossez na wenzake nao hawakuona namna resonansi nyembamba inavyoweza kuwapo. Kani zinazokaribiana, kompyuta za uwezo wa kutosha pande zote, majibu yanayopingana. Tofauti iko katika namna ya kushughulikia nyutroni zinazoondoka. Hapo hakuna mashine inayoweza kumwamulia mtu. Ni kukaa na milinganyo.

Kisha likaja jaribio la 2022, lililoongozwa na Meytal Duer wa Darmstadt, Ujerumani, na kufanyika RIKEN. Nataka mlione kwa karibu, kwa sababu ubunifu wake ni wa kupendeza. Heliamu-8 ni heliamu-4 yenye nyutroni nne pembeni. Waliirusha kwa kasi kubwa kwenye hidrojeni kimiminika, wakachagua matukio ambapo protoni ya hidrojeni iligonga ile heliamu-4 ya katikati na kuing'oa mara moja, ikarushwa mbali na zile nyutroni. Nyutroni nne zikabaki hewani, hazikuguswa. Kwa kupima protoni na heliamu-4 peke yake, kanuni za kuhifadhi nishati na momenta ziliwapa nishati ya kile kilichobaki. Ili kujithibitishia, walifanya vilevile kwa heliamu-6, ambayo huacha nyutroni mbili, na matokeo yakalingana na yale ambayo nadharia ya nyutroni mbili inayatabiri. Ndipo walipoitazama ile ya nyutroni nne: kilele kilichosimama wazi kwenye MeV 2.37, upana wake MeV 1.75, sawa na maisha ya sekunde 3.8 × 10⁻²². Safari hii haikuwa dalili ya matukio manne au sita.

Sasa, kilele hicho ni nini? Katika muda ule, nyutroni yenye nishati ya MeV moja husafiri kama femtomita 5, yaani upana wa kiini kidogo. Je, kitu kinachodumu kwa muda wa kuvuka mlango wake mwenyewe tukiite kiini? Mwaka 2023 Lazauskas, Hiyama na Carbonell walitoa hesabu inayoonyesha kwamba kilele cha namna ileile kinatokea bila resonansi yoyote. Nyutroni nne zilikuwa tayari zimepangika ndani ya heliamu-8. Heliamu-4 ikiondolewa ghafla, zinatoka mbili mbili, kwa sababu kila jozi imekaribia sana kushikana, ile asilimia 10 yetu. Fikirieni watu wanaotoka ibadani wakiwa wawili wawili. Anayetazama kwa mbali akiona kundi la wanne mlangoni anaweza kusema wamesimama kuzungumza, kumbe ni jozi mbili zinazopita kwa wakati mmoja, na waliketi karibu tangu ndani.

Mimi naegemea upande huu wa pili, nanyi mnaweza kunipinga. Sababu yangu ni kwamba hesabu ya 2023 haikuongeza kani mpya hata moja. Ilichukua mvuto wa nyutroni mbili tunaoujua, na kilele kikatoka. MeV 2.37 ya maabara na karibu 2 ya Pieper zinavutia kuwekwa pamoja, lakini kukaribiana kwa namba si ushahidi iwapo njia iliyotoa mojawapo bado ina swali. Na kundi la Munich, ambalo 2022 lilitangaza dalili za nyutroni nne zilizoshikana kabisa kwa MeV 0.42, bado linadaiwa na hoja ya 2003: atueleze mtu heliamu na lithi zitalipaje.

Kijana mmoja ameniuliza kabla hatujaanza, mambo haya yanatuhusu vipi tusio na RIKEN wala Argonne. Nimelichukua swali lake kwa uzito. Ni kweli kwamba boriti ya heliamu-8, yaani mkondo wa viini vyake vinavyorushwa kwa kasi, hatutaijenga Tanzania karibuni. Lakini mtazame orodha niliyoitoa: jibu la 2003, na ukosoaji wa 2016 na 2023, havikuhitaji boriti. Vilihitaji watu wachache waliokaa miaka mingi na tatizo moja. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ilipata kompyuta kubwa ya PARAM kwa msaada wa India. Tengeru tuna Taasisi ya Nelson Mandela, iliyojengwa kwa ajili ya shahada za juu za sayansi. Kigali, tangu 2018, kuna taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda na iliyo mshirika wa kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, kile alichokianzisha Abdus Salam wa Pakistani mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu. Kinachotupungukia zaidi ni walimu wa kukaa na mwanafunzi juu ya mlinganyo mmoja kwa mwaka mzima bila kuulizwa kila robo faida yake ni nini. Jambo hili linaniuma, nami nalisema mbele ya wazazi kwa sababu nyinyi ndio mnaoamua mtoto asome nini.

Kazi iliyo mbele iko wazi. Mwaka 2022 nyutroni nne zenyewe hazikupimwa. Zilijulikana kwa kile kilichokosekana kwenye hesabu ya nishati. Hatua inayofuata ni kuzinasa zote nne, moja moja, na kupima pembe na kasi kati yake. Zikiwa zilikaa pamoja kama kitu kimoja, nishati itagawanyika kati yao kwa namna moja. Zikiwa zilitoka kama jozi mbili, kwa namna nyingine. Kunasa nyutroni nne kwa mpigo ni kazi ngumu, kwa sababu hazina chaji, na moja ikigonga kigunduzi mara mbili huonekana kama mbili. Kwa hiyo data zitakuja taratibu. Wanaohesabu wanapaswa kuandika sasa, kabla ya data hizo, mgawanyo wa kila hali utakuwaje, kwa namba, na makosa yake yakiwekwa wazi. Anayetaka kuanza usiku huu arudie kisima chetu kwenye kompyuta mpakato, abadilishe R kutoka 2.6 hadi 2.4 na 2.8, aone kina kinachotakiwa kinavyosogea na urefu wa mtawanyiko unavyokimbia. Kisha Jumamosi aniletee alichopata, tuanze ya nyutroni tatu.